UFUNGASHAJI WA VIUNGO VYA KUTUNDIKWA MADUKANI

Wazalishaji wadogo wa viungo wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa pakiti inayopendeza mezani kwa mfungaji si lazima idumu msumarini kwa muuzaji. Pakiti ikichanika au kuingia unyevu, hasara humrudia aliyeifunga. Kwa hiyo, pakiti ya kutundikwa yafaa ibuniwe kwa kulifikiria duka la mwisho itakakofika, wala si duka la jirani.

Uchukuliwe mfano wa Mofu, katika Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Pakiti ya mdalasini kutoka Unguja huvuka bahari hadi Dar es Salaam, ikasafiri kwa barabara ya Mikumi au kwa reli ya TAZARA hadi Ifakara, kisha ikaingia bondeni. Bonde hilo ni ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na wakati wa masika hewa yake hujaa unyevu. Katika duka dogo la kijijini rafu ni chache. Bidhaa ndogo hutundikwa kwenye waya au misumari, na mteja huagiza akiwa upande wa pili wa kaunta, pengine nje ya nondo, bila ya kuigusa bidhaa.

Kutokana na hali hiyo, mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, tundu. Uzito wote wa pakiti hubebwa na tundu. Litobolewe katikati ya upana, kwani likienda kando pakiti huinama na jina halisomeki. Likikaribia mno ukingo wa juu, huchanika. Tundu la duara hutosha kwa msumari. Ndoano za waya mbili za maduka makubwa ya mjini huhitaji tundu pana la mlalo.

Pili, mshono. Paachwe ukanda mtupu juu ya mshono uliochomwa kwa moto, na tundu liwe katika ukanda huo. Likitobolewa chini ya mshono, hewa huingia na unga hugandamana.

Tatu, kadi. Kadi ya karatasi inayokunjwa juu ya mfuko hunywa unyevu na kulegea. Pini za chuma hushika kutu, na zikipenya mfuko huufungulia njia unyevu. Ukanda wa mfuko wenyewe, ukikunjwa mara mbili, hustahimili zaidi.

Nne, maandishi. Jina la bidhaa na uzito halisi viwe mbele kwa herufi kubwa, kwa kuwa mteja hawezi kuigeuza pakiti. Nyuma yawekwe jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kufungwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ifahamike pia kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni, 2019. Vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa havikuhusishwa, lakini mfuko wa kubebea haugeuki kifungashio kwa kutiwa viungo. Maelezo ya viwango hupatikana Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) na, kwa upande wa Bara, Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kabla ya kuchapisha pakiti nyingi, chache zijazwe uzito mara mbili na kutundikwa juma zima mahali penye unyevu. Zitakazobaki msumarini bila ya kuchanika ndizo za kusafirishwa.