Trekta dogo kwa shamba la vilima: pima mteremko kwanza, hospawa baadaye

Mwaka juzi kijana mmoja anayeuza nafaka soko la Tandale alinijia ofisini na swali fupi: "Bwana shamba, nina ekari 6 Kisarawe, zimejaa vichaka na majani. Nataka trekta dogo la kufyekea. Hospawa ngapi zinatosha?" Nikamjibu haraka, kama mtu anayeulizwa saa: 25 zinatosha. Kwa swali aliloniuliza, jibu lilikuwa sahihi. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza shamba lenyewe limekaaje.

Shamba liko ubavuni mwa kilima. Alinunua trekta la mtumba, zuri kwa macho, linawaka mara moja, ila ule upinde wa chuma unaokaa nyuma ya kiti haukuwepo. Wiki ya tatu dereva wake alikuwa anafyeka kwa kuukata mteremko ubavu. Tairi la upande wa juu likapanda kisiki kilichofichwa na majani, trekta likalala. Dereva akarukia upande wa juu, akavunjika mkono. Angerukia upande wa chini tusingekuwa tunazungumza habari za mkono.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza hospawa namuuliza kwanza: mteremko wako ni kiasi gani? Wengi hawajui. Wanasema "ni kilima cha kawaida tu".

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukua ubao mnyoofu wa mita 2 na pimamaji ya fundi ujenzi. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu wa mteremko, nyingine iinue mpaka pimamaji ionyeshe ubao umekaa sawa. Halafu pima kwa tepu kutoka ncha iliyo hewani mpaka chini. Ukipata sentimita 20, mteremko wako ni asilimia 10. Sentimita 35 ni karibu digrii 10. Sentimita 50 ni asilimia 25, yaani digrii 14 hivi. Kama simu yako ina programu ya kupima digrii, laza ubao ardhini kufuata mteremko, weka simu juu yake, utapata jibu lilelile. Pima sehemu kumi au zaidi, kisha shika ile kali kuliko zote. Usitafute wastani, trekta halipinduki kwenye wastani.

Mipaka ninayotumia mimi kazini ni hii. Chini ya sentimita 35 kwa ubao huo, trekta dogo lililokamilika linaweza kufanya kazi, dereva akiwa makini. Kati ya 35 na 50, liingie siku ya ukavu tu, liwe na upinde na mkanda, na lipande na kushuka moja kwa moja, lisikate ubavu. Ikizidi 50, trekta libaki barabarani. Hapo tumia mashine ya begani ya kukatia majani, panga au mbuzi. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa ngoro, yale mashimo yanayozuia maji, kwa jembe la mkono kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakuna trekta pale na hakuna anayeona aibu.

Na hiyo mipaka ni ya ardhi kavu. Udongo wa mfinyanzi ukilowa unateleza kama sabuni, na majani mabichi yaliyokwisha kukatwa yanateleza zaidi ya udongo. Wakati wa masika msijidanganye.

Sasa trekta lenyewe

Trekta linapinduka pale uzito wake unapovuka mstari wa tairi la chini. Kwa hiyo kwenye mteremko maswali ya kwanza ni mawili: lina upana gani kati ya tairi na tairi, na uzito wake umekaa chini kiasi gani? Matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani, yaani Kubota, Yanmar, Iseki na Shibaura mnayoyaona kwenye yadi hapa Dar, mengi yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Ni mashine imara, sitayasema vibaya. Lakini shamba la mpunga ni tambarare kama meza. Mengi ni membamba, na kwenye kilima wembamba ni hatari.

Muulize muuzaji kama rimu za nyuma zinaweza kugeuzwa ili tairi zikae nje zaidi. Baadhi zinageuzwa, baadhi hapana. Njia nyingine ya kushusha uzito ni kujaza maji kwenye tairi za nyuma. Fundi anaweka nozeli ya tairi juu kabisa, anajaza maji mpaka usawa wa nozeli, nafasi iliyobaki inakuwa ya upepo. Ni gharama ndogo, na trekta linatulia kabisa. Uzito wa mbele nao unahitajika, maana slasha ikinyanyuliwa nyuma wakati unapanda, pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani haushiki.

Upinde wa chuma na mkanda wa kiti, hapa sina mjadala. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Sisi bado tunanunua bila upinde kwa sababu bei ni poa. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja: kama upinde upo, funga mkanda na usiruke trekta likianza kulala, shika usukani ubaki ndani ya kiti. Kama upinde haupo, usifunge mkanda, na kusema kweli usipande kilima kabisa. Wala usimpe fundi wa mtaani akuchomelee upinde kwa bomba la maji. Likilala, bomba linakunjika na wewe uko chini yake. Tafuta upinde wa kiwandani unaolingana na trekta lako. Usipopatikana, tafuta trekta lingine.

Kuhusu fo wili, vijana wengi wanaitaka ili ipande. Mimi naitaka ili ishuke. Kwenye matrekta mengi madogo breki ziko tairi za nyuma tu, na wakati wa kushuka tairi za nyuma ndizo zinakuwa nyepesi. Ukiweka fo wili, injini inashikilia tairi zote nne. Ingia gia ndogo ukiwa bado juu, usikanyage klachi katikati ya mteremko wala kubadili gia. Na zile pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ziunganishe kwa kipini chake kabla hujaondoka. Ukikanyaga moja tu kwenye mteremko, trekta linageuka ubavu lenyewe.

Slasha, na kosa ambalo wengi hawalijui

Hesabu ya haraka: kila futi moja ya upana wa slasha inataka kama hospawa 5 kwenye PTO, na hospawa za PTO ni pungufu ya zile zilizoandikwa kwenye boneti. Trekta la hospawa 25 linakupa kama 20 nyuma, hivyo slasha ya futi 4 inatosha. La 35 linabeba ya futi 5, hata vichaka vikiwa vigumu kidogo. Ukifunga slasha kubwa kupita kiasi unaongeza uzito nyuma, unachosha injini, na kwenye kilima vyote viwili vinakurudi.

Sikilizeni hili vizuri. Slasha ina visu vizito vinavyozunguka kwa kasi. Kwenye matrekta mengi ya zamani klachi ni moja tu, kwa hiyo ukikanyaga klachi, injini inaachia lakini visu vinaendelea kuzunguka, na mzunguko ule unarudi kwenye gia na kusukuma trekta mbele. Umekanyaga klachi na bado linakwenda! Kwenye tambarare utagonga uzio. Kwenye mteremko utafika bondeni. Dawa yake ni kiungo kidogo kinachofungwa kwenye shafti ya PTO, kinachoacha slasha izunguke yenyewe bila kusukuma trekta. Si kitu cha bei ya kutisha. Ulizia kabla hujalipa slasha.

Mengi ya yale matrekta ya Japani pia yana kasi mbili mpaka nne za PTO, na maandishi ni ya Kijapani. Slasha nyingi zinataka mizunguko 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Mwambie muuzaji akuonyeshe ni gia ipi, uweke alama kwa rangi. Hakikisha shafti ina kifuniko chake cha plastiki. Mara 9 kwa sekunde, shati likinaswa hakuna muda wa kupiga kelele.

Kama kazi yako kubwa ni kufyeka chini ya mikorosho au miembe na si kufungua pori, ifikirie ile mashine yenye visu vidogo vingi vinavyoning'inia kwenye bomba linalozunguka. Inakaa karibu na trekta, hairushi mawe mbali, na inasaga majani yakawa matandazo. Ubaya wake, vijiti vinene kuliko kidole gumba vinaishinda haraka.

Swali ninaloulizwa kila mara: "Bwana shamba, si ulitufundisha kulima kwa kukata mteremko ili udongo usiondoke? Mbona sasa unasema tupande na kushuka?" Ni kweli, na hakuna mgongano. Kulima kunachimbua udongo, na mtaro ukielekea chini maji yanaubeba. Kufyeka hakuchimbui kitu, mizizi inabaki imeshika ardhi, hivyo unaweza kupanda na kushuka bila kuharibu. Acha majani kimo cha sentimita 10 hivi, usinyoe mpaka udongo uonekane. Pale ambapo trekta haliwezi kukata ubavu salama, usililimie kabisa.

Kabla ya kuingiza slasha, tembea shamba lote kwa miguu. Visiki, mawe na mashimo viwekee vijiti vyenye kitambaa chekundu. Na visiki msiving'oe kwa trekta dogo. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli na kisiki kikakataa, pua inanyanyuka na trekta linapinduka kinyumenyume kabla dereva hajafikia klachi. Kata kisiki kiwe kifupi, au lipa vibarua wachimbe.

Je, ununue?

Tupige hesabu. Slasha ya futi 4 inakata mita 1.2. Kwenye kilima unakwenda kama kilomita 3 kwa saa, na ukitoa muda wa kugeuza na kurudia pembeni, unabaki na kama mita za mraba 2,500 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya nusu ekari. Ekari 6 ni saa 10, siku moja na nusu. Ukifyeka mara tatu kwa mwaka, trekta lako linafanya kazi siku tano, siku nyingine zote linakula vumbi chini ya mwembe. Kwa ekari hizo kodisha, au nunueni watu wanne au watano wenye mashamba jirani, mwandikiane mkataba wa nani analipa fundi. Wenye mpango wa biashara ya kufyekea watu wanaweza kuuliza mikopo ya matrekta Mfuko wa Pembejeo au Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na CAMARTEC Arusha wanahusika na majaribio ya mashine za kilimo.

Ukienda yadi, nenda asubuhi mapema injini ikiwa ya baridi, waambie wasiiwashe kabla hujafika. Nyanyua slasha, zima injini, kaa robo saa. Ikishuka yenyewe, haidroliki ina shida. Mita ya masaa usiiamini, angalia pedali zimelika kiasi gani. Kisha chukua namba ya modeli, pita Gerezani uulize filta na vifaa vya klachi kabla ya kutoa pesa.

Yule kijana wa Tandale aliuza lile trekta. Tulipanda naye na ubao wetu: ekari 4 za chini zilitoa sentimita 18 mpaka 30, ekari 2 za juu zikatoa 58. Za chini anakodisha trekta lenye upinde, mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na kabla korosho hazijaanza kudondoka. Za juu yule dereva wake, mkono ulishapona, anazifyeka kwa mashine ya begani, siku nne.