Barbara Kimenye, Mama wa Moses

Katika miaka ile ya kuukaribia uhuru, Kampala ilipojaa vijana waliorejea na shahada zao kutoka ng'ambo, na magazeti mapya yakizaliwa na kufa kabla ya kutimiza umri wa kuheshimika, ilitokea kalamu moja ambayo watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania walikuja kuipenda kwa kadiri ambayo waandishi wengi wenye sifa kubwa kuliko yake hawakuifikia. Kalamu hiyo ilikuwa ya Barbara Kimenye. Waliomsoma utotoni, ambao leo wana wajukuu, aghalabu watakusimulia vituko vya Moses, yule mvulana wa vitabu vyake, kimoja baada ya kingine, wala wasiweze kukueleza habari za bibi aliyevitunga. Na hilo, kwa mtu aliyetutendea wema mkubwa hivyo, halifai kuachwa likaendelea.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1929 katika mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza, mama yake akiwa wa nasaba ya Kiyahudi aliyeingia dini ya Kikatoliki, na baba yake tabibu mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Alisomea uuguzi London, na huko, akichanganyika na wanafunzi wa Afrika Mashariki, akakutana na Bill Kimenye, mwana wa chifu wa Bukoba, wakaoana. Katikati ya miaka ya 1950 walihamia kwao mume, pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Tanganyika, wakawa na wana wawili. Ndoa haikudumu. Ilipovunjika, yule bibi hakufunga mizigo kurudi Uingereza, ambako angalipata ndugu na kazi ya uuguzi bila taabu, bali alielekea Kampala, ambako marafiki zake wa zamani wa London walikuwa sasa wanajitayarisha kushika hatamu za nchi.

Hapo ndipo Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Pili, ambaye Waingereza walimhamisha mwaka 1953 na kumrejesha mwaka 1955, alipompa kazi ya ukatibu katika serikali yake ya Buganda. Baadaye aliandika katika gazeti la Uganda Nation, zama ambazo mwanamke mweusi katika chumba cha habari alikuwa adimu mno. Mimi naona kazi hizi mbili ndizo zilizomkamilisha, kwa kuwa Mengo, makao ya Kabaka, ilimwonyesha jinsi watu wanavyojali cheo, nasaba na mahali pa kuketi barazani, na gazeti likamzoesha kusikiliza maneno ya watu wasio na cheo na kuyaandika bila kuyapamba.

Tunda la mafunzo hayo ni kitabu cha Kalasanda, kilichochapishwa na Oxford University Press mwaka 1965, na mwaka uliofuata kikafuatwa na kingine cha kijiji kile kile. Kalasanda ni kijiji cha kubuni katika Buganda, na hakuna jambo kubwa linalotokea humo: kuna wazee wa gombolola, yaani utawala wa tarafa, kuna wanawake wenye kujua habari za kila nyumba kabla mwenye nyumba hajazijua, kuna sherehe na ugomvi na fitina ndogo ndogo. Chukua kile kisa cha mzee Kibuka, mtumishi mstaafu wa gombolola, ambaye siku zake zimekosa ladha tangu aache kazi, hata mjukuu wake anapomletea mwananguruwe kuwa hidaya. Mzee anamlea kama mwana. Nguruwe anakula makombo ya nyumbani, kisha ya majirani, ananenepa, anakuwa mkubwa kupita uwezo wa mzee kumlisha, na kila jioni huongozwa kwa kamba kwenda kutembea. Mpaka jioni moja pikipiki inapomgonga akafa, na majirani, baada ya pole zao, wanaanza kuitazama nyama. Mzee anayekataa kumla rafiki yake anaishia kula, tena kwa raha, kisha analala usingizi mzito. Mwandishi hamsuti wala hamtetei: anampenda tu, na kwa kuwa anampenda anatuonyesha udhaifu wake wote. Fasaha ya namna hii ni ngumu kuliko ile ya maneno makubwa.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote yaliushambulia Lubiri, kasri la Kabaka, naye akakimbilia uhamishoni, na mwaka 1967 falme za Uganda zikafutwa. Kimenye alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi mwaka 1965, akifanya kazi ya magazeti. Kwa hiyo dunia ile ya wakuu wa gombolola na heshima zao, ambayo mizinga iliivunja huko Mengo, imesalia hai katika kurasa za vitabu viwili vyembamba.

Umaarufu wake mkubwa, hata hivyo, ulitokana na Moses, ambaye vitabu vyake vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea hata miaka ya 1980. Moses ni mwanafunzi wa shule ya bweni ya Mukibi, ambayo jina lake refu linajinadi kuwa ni chuo cha wana wa waungwana wa Kiafrika, hali ukweli ni kwamba wamo humo wavulana ambao shule nyingine zimekwisha kuwakataa. Na pamoja na sahibu yake King Kong, kila jema wanalolikusudia hugeuka balaa. Mpaka wakati huo mtoto wetu aliyetaka kusoma hadithi ya shule alipewa ya Uingereza, yenye theluji na michezo asiyoijua, au alipewa nasaha zilizovikwa nguo ya hadithi. Kimenye alimpa mtoto kama yeye, mtundu na mwoga na mkarimu, kwa Kiingereza chepesi ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi angeweza kukifuata bila mwalimu. Alitunga vitabu zaidi ya 50, na nakala zake zilizouzwa zilipita milioni moja.

Lakini mzazi wa kawaida wa siku zile hakuwa na fedha za kununua hadithi, na kitabu hakimfikii mtoto wake bila mkutubi. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu wilayani na kuazima vingine kwa posta. Mwaka 1963 chuo cha Makerere kikafungua, kwa msaada wa UNESCO, shule ya kuwafundisha wakutubi wa Afrika Mashariki nzima. Na mwaka 1964 Uganda ikatunga sheria ya maktaba za umma. Kizazi cha kwanza cha wasomaji wa Kimenye kilikua pamoja na taasisi hizi. Kisha ikaja miaka ya utawala wa Idi Amin, na vitabu vikaadimika Kampala kama sabuni na sukari.

Mwandishi mwenyewe alikwenda London mwaka 1974, akahudumu katika halmashauri ya Brent kama mshauri wa mambo ya mahusiano ya watu wa asili mbalimbali. Mwaka 1986, serikali ilipobadilika, alirudi Uganda. Mwaka 1989 akahamia Kenya. Mwaka 1998 akatua tena London, na huko akafariki tarehe 12 Agosti 2012. Maisha yake yote ya utu uzima alijihesabu kuwa mtu wa Uganda. Mwenye kutaka kuipima kauli hiyo na aanze na kisa cha mzee Kibuka, akisome kwa sauti mbele ya wazee wa nyumbani, aone kama wataliuliza lolote kuhusu Halifax.