Intaneti ina kasi, mbona sauti inakatika kwenye kikao cha video?

Mtu yuko kwenye usaili wa kazi kwa video. Anajibu vizuri, ghafla sauti inakatika na picha inaganda. Wengi hapo hukimbilia kununua intaneti yenye kasi zaidi, kumbe mara nyingi shida ni foleni ndani ya ruta.

Foleni inatoka wapi?

Sauti na video husafiri zikiwa zimegawanywa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Simu ya chumba cha pili ikianza kupakia picha mtandaoni, pakiti zake hujaza ruta, na za sauti zinabaki nyuma zikisubiri.

Faili likichelewa sekunde mbili hakuna anayejali, litafika tu. Sauti haina subira hiyo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji. Pakiti ikichelewa mno, programu inaitupa na neno linapotea.

QoS inafanya nini?

Ruta nyingi zina mpangilio unaoitwa QoS. Hauongezi kasi, unapanga nani atangulie, kama magari yanavyopisha ambulensi. Kwenye mitandao ya ofisi, pakiti za sauti kwa kawaida huwekewa alama namba 46, za video 34, na data nyingine 0. Sauti kutangulia hakuwaumizi wengine, maana mazungumzo ya sauti pekee mara nyingi hayafiki kilobiti 100 kwa sekunde.

Cha kufanya

- Kupima kasi halisi ya kupakia, kisha kuweka kikomo kwenye QoS chini yake kidogo, takriban asilimia 90. Hapo foleni inabaki kwenye ruta, inakoweza kupangwa.
- Kuipa kompyuta au simu ya kikao kipaumbele cha juu.
- Kama ruta haina QoS, kusitisha masasisho na uhifadhi wa picha hadi kikao kiishe.

QoS ina mipaka. Data ikishatoka nje ya ruta, mara nyingi alama hizo hazizingatiwi tena. Wala haitibu Wi-Fi dhaifu. Hapo dawa ni kusogea karibu na ruta au kutumia waya.

Ikishindikana kabisa, kamera izimwe. Usaili unaweza kuendelea bila picha, lakini bila sauti umekwisha.