Mkataba wa TEHAMA Usomwe Kuanzia Mwisho

Kampuni ndogo na za kati zinapotafuta mtu wa nje wa kusimamia kompyuta, mtandao na barua pepe zao, huanza na maswali mawili: atatoza kiasi gani kwa mwezi, na mambo yakiharibika atafika baada ya muda gani. Ni maswali ya haki, ila hayafai kutangulia. Linalofaa kutangulia ni hili: siku tukiachana, nini kitabaki mikononi mwetu? Mtoa huduma anayelijibu vizuri kabla ya kutia saini, kwa kawaida ndiye atakayefanya vizuri na hayo mengine. Hawezi kumwandalia mteja njia ya kuondoka kama kazi yake mwenyewe haina mpangilio. Lazima awe na orodha ya vifaa, mchoro wa mtandao, nywila zilizohifadhiwa mahali salama na nakala rudufu zinazofunguka. Asiye na vitu hivyo hana cha kukabidhi, na maana yake ni kwamba mfumo mzima wa kampuni unaishi kichwani mwa fundi mmoja.

Jina la tovuti linaonyesha hatari hii waziwazi. Kwa Kenya, majina yanayoishia na .co.ke husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina hayo, na anayetambuliwa kuwa mwenye jina ni aliyeandikwa kwenye rejista, hata kama aliyetoa pesa ni mwingine. Mara nyingi fundi hujiandikisha yeye na barua pepe yake, pengine bila nia mbaya, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa akijaza fomu. Kisha siku mnapogombana juu ya ankara, tovuti yenu pamoja na barua pepe za wafanyakazi wote ziko chini ya mtu mnayegombana naye. Hali ni hiyo hiyo kwa akaunti kuu ya Microsoft 365 au Google Workspace, leseni ya programu ya uhasibu, hata kisanduku cha kamera za ulinzi. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama: kila akaunti isajiliwe kwa jina la kampuni, mtoa huduma apewe ruhusa ya kuitumia, na anwani ya kurejeshea nywila iwe ya kampuni lakini isitegemee jina lile lile la tovuti. Jina hilo likifungiwa, barua ya kulirejesha nayo haitafika.

Wapo watakaosema kwamba hofu hizi ni za mafundi wa mitaani, na kwamba ukichukua kampuni kubwa unalala usingizi. Yaliyotokea Uingereza Januari 2013 yanapinga hilo. Kampuni ya 2e2, iliyokuwa ikihifadhi data za mashirika mengi, ilifilisika na kuwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Wasimamizi hao waliwaandikia wateja wa vituo vya data wakiomba fedha za kuendesha mitambo: pauni 4,000 kwa wateja wadogo na pauni 40,000 kwa wakubwa. Walieleza pia kwamba data zilizohifadhiwa zilikuwa nyingi kiasi kwamba kuzihamisha kungeweza kuchukua wiki 16. Wateja hao hawakuwa na kosa lolote katika kufilisika huko. Waliokwama ni wale wasio na nakala ya data zao nje ya milango ya 2e2.

Nakala hiyo ya nje inasaidia hata pale ambapo hakuna aliyefilisika wala aliyegombana na mwenzake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la data la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza kila kitu kwa kuwa nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo lile lile. Julai ya mwaka huo, wahalifu waliingia kupitia programu ya Kaseya, ambayo watoa huduma wengi huitumia kusimamia kompyuta za wateja wao kutoka mbali. Nchini Sweden maduka ya Coop yapatayo 800 yalifungwa kwa sababu mashine za malipo ziligoma, ilhali Coop yenyewe haikuwa mteja wa Kaseya. Aliyeitumia ni mtoa huduma wake. Somo la kiufundi hapa ni zito. Mtoa huduma hupewa mamlaka makubwa kuliko mfanyakazi yeyote wa kampuni, na nakala ambayo anaweza kuifuta kwa zana zake za kila siku, mhalifu aliyeziteka zana hizo ataifuta pia.

Pingamizi lingine husikika sana kwa wakurugenzi: nimemlipa mtaalamu ili mzigo huu uondoke kwangu. Kazi huondoka, dhamana haiondoki. Benki ya TSB ya Uingereza ilipohamisha mifumo yake Aprili 2018 iliitegemea Sabis, kampuni ya kundi lake lenyewe. Wateja wengi walishindwa kufikia akaunti zao, na mambo hayakutengemaa kikamilifu hadi Desemba. Wadhibiti waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65 mwaka 2022, na mwaka uliofuata aliyekuwa afisa wake mkuu wa TEHAMA alitozwa faini ya pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutosimamia ipasavyo kazi iliyopewa Sabis. Sheria za kwetu zinaelekea huko huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka pawe na mkataba wa maandishi na anayechakata data kwa niaba yako. Data ikivuja, yeye anatakiwa akujulishe bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana, nawe una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtoa huduma asiyejua saa hizo ni ngapi hajaandaa utaratibu wa kuzitimiza.

Kuhusu asilimia zinazong'aa kwenye vipeperushi, hesabu fupi inatosha. Ahadi ya mfumo kupatikana kwa asilimia 99 inaruhusu uzimike zaidi ya saa saba kila mwezi, na hakuna kinachozuia saa hizo kuangukia siku ya mishahara. Asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 tu. Tofautisha pia muda wa kukuitikia na muda wa kumaliza tatizo. Wengi huahidi wa kwanza na kuunyamazia wa pili.

Lipo pingamizi moja ninaloliheshimu: duka la jumla lenye kompyuta sita halina nguvu ya kumwekea mtu masharti, na kuzungumzia talaka siku ya posa huharibu uhusiano. La uhusiano silikubali, kwa sababu mtaalamu makini hunufaika mambo haya yakiandikwa. Yanamkinga asilaumiwe kwa vitu ambavyo hakukabidhiwa. La nguvu lina ukweli, lakini ninayoyapendekeza hayahitaji wakili. Mwombe arejeshe faili moja kutoka kwenye nakala rudufu mbele yako, na urudie kila baada ya miezi mitatu. Iandikwe kwamba notisi ya kuachana ni siku 30, kwamba nywila zote na orodha ya vifaa zitakabidhiwa ndani ya muda huo, na gharama ya kukabidhi ijulikane leo. Nakala ya nywila kuu ikae ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya mwenye duka, na ibadilishwe kila nywila inapobadilika. Masharti hayo hayo yamhusu hata kijana uliyemwajiri mwenyewe kwa mshahara, kwa maana naye anaweza kuugua, au kupata kazi kwingine mwezi ujao.