Mtoto akikojoa kitandani, usimuanike pamoja na godoro



Mwezi uliopita nilivuka kutoka Shimoni kwenda Mkwiro kwa shughuli ya arusi. Asubuhi yake, nikielekea msikitini, nikapita nyumba moja na kuona godoro dogo limelazwa juu ya ukuta wa uani, lina ramani tatu, moja juu ya nyengine. Watoto wawili waliokuwa wakienda chuoni wakalinyooshea kidole na kuanza ule wimbo wa kikojozi ambao sote tunaujua. Ndani ya uwa nikasikia mtoto analia.

Baada ya arusi mama wa mtoto yule, ambaye tuna udugu wa mbali, akaniambia yaliyomsibu. Kijana wake ana miaka saba. Hajawahi kupitisha wiki nzima akiwa mkavu. Ameshachapwa, amenyimwa maji kuanzia alasiri, ameambiwa asichezee moto, na sasa baba anataka alale jikoni chini. "Kaka, mimi sina tatizo na mkojo," akanambia. "Tatizo langu ni maji."

Asiyeujua Mkwiro hataelewa neno hilo. Kijiji kiko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, kisiwa cha mawe ya matumbawe, na maji matamu ya kuchimba hakuna. Watu hukinga mvua kwenye mabirika, na birika likikauka maji huja kwa chombo kutoka bara, mtungi kwa mtungi, kwa pesa. Shuka, leso na godoro kila alfajiri ni mitungi miwili inayokwenda na maji. Wakati wa kusi ndiyo kabisa: baridi inamfanya mtoto akojoe zaidi, na godoro halikauki. Kwa hivyo hasira ya mama huyu naielewa. Lakini hasira yenyewe imeshuka mahali sipo.

Mimi si daktari, ila nina diploma ya afya ya jamii, na nina ushahidi mwengine ambao sikuusomea: nilikojoa kitandani mpaka miaka tisa. Marehemu baba yangu naye, nilikuja kuambiwa na shangazi nikiwa mtu mzima, alikuwa vivyo hivyo. Hili ni jambo la kurithi kuliko watu wanavyodhani. Mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, kama watoto 44 katika 100 hufuata. Wote wawili wakiwa walikojoa, hufika kama 77. Nilimuuliza yule baba anayetaka mwanawe alale jikoni, yeye aliacha lini? Akacheka, akaangalia baharini, akabadilisha maneno.

Sasa tuelewe kinachotokea. Usiku ubongo wa mtu hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze kutengeneza mkojo. Kwa watoto wengine homoni hii huchelewa kufikia kiasi chake, kwa hivyo mkojo unakuwa mwingi usiku kama mchana. Kibofu nacho ni kidogo: cha mtoto wa miaka saba hubeba kama mililita 240, yaani kikombe kimoja cha chai. Kikijaa, inatakiwa ubongo upokee habari na kumwamsha. Mtoto huyu halali kwa uvivu. Usingizi wake ni mzito na habari haifiki. Utamchapaje mtu kwa jambo alilolifanya akiwa hayupo?

Umri nao tuuangalie vizuri. Chini ya miaka mitano hakuna la kutibu, hata kama jirani anajisifu wake aliacha na miaka miwili. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 bado wanakojoa usiku. Wakifika kumi wamebaki kama watano. Kila mwaka sehemu fulani huacha wenyewe bila dawa wala fimbo, na mzazi aliyechapa mwaka ule huamini fimbo ndiyo iliyoponya. Hivyo ndivyo mila mbaya zinavyoishi.

Wako wanaosema tunawadekeza, na kwamba najisi si jambo la kuchekea. Kweli, twataka nyumba tohara. Lakini dini yetu haimwandikii dhambi aliyelala mpaka aamke, wala mtoto mpaka abaleghe, na huyu ana nyudhuru zote mbili kwa pamoja. Na sote tumefundishwa kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Masahaba walitaka kumvamia, Mtume akawazuia, akamwacha amalize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale. Ndoo moja, mahali pale tu. Hakuna aliyeambiwa aufue msikiti mzima.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa mama wa Mkwiro: kuyaokoa maji. Nunua kitambaa cha plastiki cha meza, kile kinachouzwa kwa mita madukani Ukunda, ukikaze kabisa chini ya godoro kisichomoke usiku. Au kama godoro ni jipya, usiivue ile nailoni lililokuja nayo (kwa mara moja tabia hii ya Wakenya ina faida). Juu yake tandika shuka, na juu ya shuka leso kuukuu iliyokunjwa mara mbili chini ya kiuno. Usiku ukiharibika unatoa leso, unafuta plastiki kwa kitambaa chenye maji, unaweka leso nyengine. Asubuhi unafua leso moja badala ya godoro. Na hakuna cha kuanika ukutani, kwa hivyo hakuna wimbo.

La pili ni maji ya kunywa, na hapa wengi tunakosea. Ukimnyima mtoto maji mchana kutwa, kibofu kinazoea kuwa kidogo na mkojo unakuwa mkali. Anywe vizuri asubuhi, anywe adhuhuri, anywe akitoka shule. Kisha baada ya magharibi apunguze, na saa moja au mbili kabla ya kulala akate. Chai ya jioni tuiache, hata ya maziwa, kwa kuwa majani yake yanaongeza mkojo na kukichokoza kibofu. Tikiti na madafu ya usiku vilevile. Mwezi wa Ramadhani mambo hupinduka: mtoto anayefundishwa kufunga hukaa na kiu mchana kisha hubugia uji, sharubati na maji kati ya futari na daku. Usishangae mwezi huo akirudi nyuma. Mpunguzie saumu zenyewe, bado hazijamuwajibikia.

La tatu ni choo. Mtoto akojoe mara mbili kabla ya kulala, mara moja akivua nguo na mara nyengine baada ya kusoma dua yake. Na muulize kama anaogopa. Choo kiko nje uani, kiza kimetanda, amesikia hadithi za mashetani jioni nzima kutoka kwa bibi yake, halafu unataka atoke saa nane peke yake? Mwekee kopo lenye kifuniko pembeni ya kitanda na kitaa kidogo cha sola. Mara nyengine dawa yote ni hiyo.

Kumwamsha saa nne au saa tano, wewe unapokwenda kulala, kunasaidia godoro likae kavu, lakini si tiba. Ukimwamsha, aamke kweli, ajue aendako. Kumbeba akiwa amelala ni kumfundisha kukojoa usingizini.

Jambo moja ambalo halizungumzwi ni choo kikubwa. Mtoto anayekaa siku tatu bila kwenda haja, au anatoa vigumba vigumu kama vya mbuzi, tumbo lake linakibana kibofu. Mpe papai, mboga, ndizi, maji ya mchana. Nimeona watoto waliopungua kukojoa kwa papai tu.

Yako pia ya kupeleka hospitali, na hapa naomba mtu asisubiri. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, mtazame. Huenda amepata mdogo, baba yuko dago, wazazi wameachana, au kuna mtu mzima anayemdhulumu na hajapata mdomo wa kusema. Akiwa ana kiu isiyokatika na anakonda, apimwe kisukari siku hiyohiyo. Mkojo ukimchoma au ana homa, apimwe maambukizi. Mkojo ukiwa na damu, fikirieni kichocho. Kwale ni nchi ya kichocho, na mtoto wa kisiwani anayekwenda likizo kwa jamaa bara na kuoga mabwawani na mitoni anaweza kurudi nacho. Dawa yake ipo na si ghali. Na watoto wenye selimundu, ambao pwani yetu tunao wengi, hukojoa usiku zaidi kwa kuwa figo zao hushindwa kubana maji. Hao ndio wasikatazwe kunywa hata kidogo, kiu inawaletea maumivu. Zahanati inaweza kuanza kupima mkojo, na likizidi lipo hospitali ya rufaa ya Msambweni.

Kwa mtoto wa miaka sita au saba kwenda juu, madaktari wana kengele inayolia nguo ya ndani inapolowa, ambayo kwa miezi miwili mitatu hufundisha ubongo kuamka. Vijijini haipatikani kwa urahisi. Vipo na vidonge vya desmopresini, lakini hivyo si vya kununua dukani kwa kusikia: anayevimeza akanywa maji mengi usiku anaweza kudhurika vibaya.

Baba wa kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja: "Kumi na moja." Mkewe akamwangalia. "Mimi niliacha na miaka kumi na moja," akasema, na wote tukanyamaza kidogo, kabla mama hajaanza kucheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

Juzi nilimpigia simu. Kijana bado analowa siku tatu, siku nne kwa wiki, si kila siku tena. Lakini Ijumaa alikwenda kulala kwa bibi yake Shimoni, safari aliyokuwa akiikataa mwaka mzima. Alipanda boti na mkoba wa shule, na ndani ya mkoba, chini ya kanzu, kipande chake cha plastiki alichokikunja mwenyewe.