Bonge la damu mapafuni: ECG huona nini?

Mwaka 1935, madaktari wawili wa Boston, Marekani, Sylvester McGinn na Paul Dudley White, walieleza alama tatu walizoziona kwenye ECG (michoro ya umeme wa moyo kutoka pembe mbalimbali) za wagonjwa ambao mishipa ya mapafu yao ilizibwa na damu iliyoganda. Katika mchoro wa kwanza, wimbi la S lilizama sana. Katika wa tatu, wimbi la Q lilijitokeza na la T likageuka chini. Hadi leo wanafunzi wa udaktari huikariri S1Q3T3. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi hawana alama hiyo, na wengine wanayo kwa sababu tofauti kabisa.

ECG hailioni bonge lenyewe. Mara nyingi bonge huanzia kwenye mishipa ya ndani ya mguu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani muda mrefu. Likimeguka, husafiri na damu, hupita upande wa kulia wa moyo na kunasa mapafuni. Chemba ya kulia ya chini ina ukuta mwembamba, imezoea kazi nyepesi. Ghafla ni kama mpagazi wa vikapu aliyetwishwa gunia la saruji. Hutanuka, huelemewa, na umeme wake hubadilika. Mabadiliko hayo ndiyo yanayochorwa. Bonge dogo lisiloielemea chemba hiyo huweza kuacha mchoro safi kabisa.

Dalili ya kawaida zaidi kwenye ECG haina mbwembwe: moyo kwenda mbio. Kwa kasi ya kawaida ya karatasi, milimita 25 kwa sekunde, mapigo yanayopishana kwa chini ya miraba mikubwa mitatu yamevuka 100 kwa dakika. Lakini homa nayo hufanya hivyo, na hofu pia.

Penye utata zaidi ni mawimbi ya T yaliyogeuka kuanzia V1 hadi V4, michoro ya kifuani. Daktari mwenye haraka huwaza shambulio la moyo, na troponini ya damu (protini itokayo kwenye misuli ya moyo iliyoumia) ikipanda humzidishia imani hiyo, ingawa hupanda katika magonjwa yote mawili. T ikiwa imegeuka kwenye V1 na kwenye mchoro wa tatu pia, yafaa kuyafikiria mapafu.

Uthibitisho hutoka kwenye CT ya kifua yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Mgonjwa ambaye presha yake imeshuka mno kiasi cha kutosafirishwa hadi kwenye mashine hupimwa moyo kwa ultrasaundi palepale kitandani.