Nyumba Inayochorwa na Msitu

Anayepanda msitu wa mbao huibananisha miche makusudi. Miti iliyobanana hukimbilia juu kutafuta jua, nayo hukua minyoofu, isiyo na matawi mengi ya chini. Miaka inapopita na mwanga ukaanza kuwa haba, mwenye msitu huingia kupunguza: mti dhaifu hukatwa, wenye afya huachiwa nafasi unenepe. Ile inayokatwa ni miembamba mno kupasuliwa mbao za maana. Mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini, ikaishia kuwa kuni au kusagwa kwa ajili ya karatasi.

Mwaka 1983, fundi samani wa Uingereza aitwaye John Makepeace aliamua kwamba miti hiyo inastahili heshima zaidi. Kupitia taasisi yake, Parnham Trust, ulinunuliwa msitu wa Hooke Park, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 140, katika jimbo la Dorset, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Alitaka chuo kianzishwe humo, vijana wafundishwe kujenga na kutengeneza bidhaa kwa miti ileile inayopunguzwa, na majengo ya chuo chenyewe yawe ushahidi wa kwanza.

Kazi ya kuchora ilishirikisha kampuni ya wasanifu ya Ahrends, Burton and Koralek, wahandisi wa Buro Happold, na Mjerumani Frei Otto, ambaye dunia ilikuwa inamfahamu kwa paa jepesi kama hema la uwanja wa Olimpiki wa Munich wa mwaka 1972. Otto alikuwa amekwisha kuonyesha nini fito zinaweza kufanya. Huko Mannheim mwaka 1975, fito za mbao zenye unene wa sentimita 5 zilifumwa kama wavu ukiwa umelazwa chini, kisha wavu mzima ukainuliwa hadi ukajipinda kuwa kuba kubwa la kufunika ukumbi wa maonyesho. Hakuna fito iliyochongwa kwa umbo la kupinda. Zilikunjwa tu, zikafungwa kwa bolti.

Hooke Park ilihitaji hesabu nyingine. Mti mwembamba ukibebeshwa mzigo kwa kusukumwa kutoka juu, hupinda na kuvunjika upesi. Ukivutwa kutoka ncha hadi ncha, huvumilia mzigo mkubwa sana, kwa sababu nyuzi zake zote zimo, hazijakatwa na msumeno. Ubao uliopasuliwa umekwisha kupoteza sehemu ya nyuzi hizo, hasa pale msumeno ulipopita kwenye fundo. Basi nyumba ya kwanza, iliyokamilika katika miaka ya 1980, ilijengwa kwa kuning'iniza. Miti ya msprusi, jamii ya misonobari, haikusimama kubeba paa. Ilitundikwa kutoka juu, ikanepa kidogo kwa uzito wake, na mnepo huo ndio umbo la paa. Hakuna mtu aliyeketi mezani kubuni mstari ule wa kuvutia. Uzito wa mti ndio uliouchora.

Ugumu ulikuwa kwenye maungio. Msumari au bolti ya kawaida hupasua mti mwembamba unapovutwa. Wahandisi walitoboa ncha ya mti kwa keekee, wakaingiza chuma chenye meno ya skrubu ndani ya tundu, wakajaza gundi ya epoksi. Gundi hiyo ikikauka, chuma na nyuzi za mti hushikana kwa urefu wote wa tundu, na mvuto hausimami mahali pamoja. Kwa nje mtu haoni zaidi ya kipande cha chuma kinachochungulia kwenye kichwa cha mti wenye unene wa mkono wa mwanadamu. Lakini bila kiungo hicho nyumba isingesimama, na fundi yeyote anayefikiria kujenga kwa miti ya mviringo aanzie hapo kabla ya kuvutiwa na picha za paa.

Karakana ya chuo ilifuata mwaka 1989. Safari hii miti ilipindwa ingali mibichi. Mti mbichi una maji mengi na hukubali kukunjwa. Ukikauka ukiwa umefungwa katika mkunjo wake, hubaki hivyo. Matao yaliyopatikana yanafunika ukumbi mpana wa kazi. Mwaka 1996 likaongezeka bweni la Westminster Lodge, lililochorwa na ofisi ya Edward Cullinan. Hilo lina vyumba vilivyozunguka sebule ya pamoja, limeinuliwa juu ya nguzo ili mteremko uendelee chini yake bila kuchimbwa, na paa lake limeoteshwa majani. Hapo ndipo nyumba inapoungana na ardhi kwa vitendo: maji ya mvua yanapita yalikokuwa yakipita, na mbao haigusi udongo.

Msomaji wa pwani yetu hapaswi kuyaona haya kama maajabu ya ugenini. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilipimwa na mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na kwa kuwa dari hubebwa nayo, vyumba vikawa vyembamba, vya upana wa karibu mita 3 au pungufu, ila vikaruhusiwa kurefuka. Wakataji walipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliipeleka hadi Arabuni na Ghuba, na huko nako upana wa chumba ukaamuliwa na mti uliokua kwenye tope la Lamu au delta ya Rufiji. Wasanifu wengi wa leo huanza na umbo lililopindapinda kwenye kompyuta, kisha humlazimisha seremala alifikie kwa kukata, kuunganisha na kutupa. Wajenzi wa Lamu na wale wa Dorset walianza na mti uliopo, na kazi zao zinadumu kwa sababu hiyo.

Kompyuta yenyewe haina kosa. Mwaka 2002 Hooke Park ilikabidhiwa shule ya usanifu ya Architectural Association ya London, na wanafunzi wake wametumia teknolojia kwa namna ya kusifiwa. Walipohitaji ghala la kuhifadhia vipande vya mbao vya kupashia majengo joto, hawakutafuta mihimili minyoofu. Walizunguka msituni wakipiga picha miti iliyosimama, wakatafuta panda, yaani pale shina linapogawanyika mara mbili. Panda ni kiungo ambacho mti umejitengenezea wenyewe, nyuzi zikiwa zimesukana kubeba tawi zito kwenye upepo. Panda zilizochaguliwa zilikatwa na kupimwa umbo lake kwa kamera za kompyuta. Programu ikapanga kila moja ikae wapi, na mkono wa roboti ukachonga maungio yaliyotofautiana moja na jingine. Panda 20 ziliunganishwa kuwa tao la urefu wa mita 25, na ghala likakamilika mwaka 2016. Kwa mpasua mbao, zote zingekuwa kuni.

Afrika Mashariki ina mali ghafi hiyo. Sao Hill, wilayani Mufindi, ni shamba kubwa kuliko yote ya serikali ya miti ya kupandwa nchini Tanzania, na misindano yake hupunguzwa kama ilivyo desturi ya misitu ya aina hiyo. Nguzo za umeme za mikaratusi zinazosimama vijijini ni mti wa mviringo, haukupasuliwa, na hubeba nyaya kwa miaka mingi kwa sababu umewekwa dawa kwa mgandamizo kiwandani. Tatizo letu kubwa kuliko la Dorset ni mchwa, na jawabu lake linajulikana: miti iwekwe dawa ipasavyo, nguzo zikae juu ya msingi wa zege au mawe, na upenu uwe mpana ili mvua isipige kuta.

Anayekusudia kujenga nyumba ya namna hii asianze kwa kuomba ramani. Akitembelee kiwanja chake wakati wa masika pamoja na fundi, aweke alama mahali maji yanapopita na miti ya kubaki, kisha aulize kwenye mashamba ya miti ni nini kinachopunguzwa mwaka huo, kwa urefu na unene gani. Mchoraji apewe majibu hayo kwanza, ndipo ashike kalamu.